Miaka sita na GSS: tathmini ya mfasiri wa habari

Sentensi iliyonipeleka kwenye General Social Survey ilikuwa ya maneno manne tu: "Wamarekani wengi wanaunga mkono." Niliifasiri kutoka habari ya shirika la nje, nikaichapa, nikaipeleka studio. Dada anayesoma taarifa ya saa mbili usiku aliipitia, vipokea sauti vikiwa shingoni, kisha akanigeukia. "Kaka, wengi wangapi?" Sikuwa na jibu. Habari yenyewe haikusema. Zilibaki dakika sita twende hewani, tukaifuta na kurefusha habari za michezo.

Tangu siku ile imepita miaka sita, na GSS, kama inavyoitwa kwa kifupi, naifungua karibu kila wiki. Haya ni maoni ya mtumiaji, si ya mtakwimu. Kazi yangu ni maneno. Hesabu niliachana nazo shuleni bila machozi upande wowote. Nikiambiwa nitoe nyota, natoa tano kasorobo kwa kufuatilia mitazamo ya watu na mbili kwa kufuatilia ushiriki wao katika siasa. Sitaki kuzijumlisha nipate wastani, kwa sababu atakayeufuata wastani huo atadanganyika mara mbili.

Kwa asiyeijua: GSS ni utafiti wa kitaifa wa Marekani ulioanza mwaka 1972, unaofanywa na NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago, na fedha zake kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye mfuko wa serikali wa sayansi, National Science Foundation. Mwanzoni ulifanyika karibu kila mwaka. Tangu 1994 ni kila baada ya miaka miwili. Wanaohojiwa ni watu wazima, miaka 18 na kuendelea, wanaoishi kwenye kaya. Aliye gerezani hamo. Kwa miongo mingi mhoji alibisha hodi, akaketi na mtu mmoja aliyechaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya nyumba, na kumuuliza maswali kwa muda wa kama saa moja na nusu. Miaka ya mwanzo walihoji watu kama 1,500 kwa awamu. Mwaka 2018 walikuwa 2,348. Ukiwakusanya wote tangu 1972 wanazidi 70,000.

Najua swali linalofuata, maana niliulizwa na mhariri wangu: watu 2,348 wanawasemeaje mamilioni? Nilimjibu kwa kisa cha mwaka 1936. Gazeti la Literary Digest lilituma karatasi za kura milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Rais Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda karibu kila jimbo. Orodha ya majina ilitoka kwa wenye simu na wenye magari, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na waliozitupa. Ni heri wachache waliochaguliwa kwa haki kuliko umati uliojileta wenyewe. Mhariri alinyamaza, jambo ambalo kwake ni sawa na kukubali.

Sasa tuje kwenye matumizi. Unaingia kwenye GSS Data Explorer kwa kivinjari cha kawaida. Mistari ya mwelekeo ya maswali makuu unaiona bila kulipa chochote. Ukitaka kujitengenezea faili la kupakua unafungua akaunti, nayo ni bure. Kila swali lina jina fupi la herufi kubwa: HAPPY ni la furaha, TRUST ni la kuaminiana, PARTYID ni la chama unachojihesabia, POLVIEWS ni la mrengo wa kisiasa, CONPRESS ni la imani kwa vyombo vya habari. Maswali yanazidi 6,000, kwa hiyo siku za mwanzo utapotea. Mimi nilipotea wiki mbili. Kilichoniokoa ni kuacha kutafuta mada na kuanza kutafuta maneno ya swali lenyewe.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Swali lile lile, kwa maneno yale yale, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1972 waliuliza: kama chama chako kingemteua mwanamke kugombea urais, naye akawa na sifa za kazi hiyo, je, ungempigia kura? Karibu asilimia 74 walisema ndiyo. Mwaka 2010 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 96. Kuhalalisha bangi: mwaka 1973 waliokubali walikuwa kama mtu mmoja kati ya watano, mwaka 2018 ni kama sita kati ya kumi. Kwenye kuaminiana mstari unashuka: waliosema watu wengi wanaaminika walikuwa asilimia 46 mwaka 1972 na asilimia 34 mwaka 2018. Ule wa vyombo vya habari niliutazama kama mtu anayesoma barua ya daktari. Mwaka 1976 zaidi ya robo ya waliohojiwa walikuwa na imani kubwa na wanaoendesha magazeti na utangazaji. Mwaka 2014 hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Nilimwonyesha yule dada wa studio. "Hao ni Wamarekani," alisema, lakini hakucheka.

Kura za maoni za kawaida haziwezi kukupa mistari hii. Kura ya maoni huuliza kinachovuma wiki hii, kwa maneno ya wiki hii, na wiki ijayo maneno yamebadilika. James Davis, mwanasosholojia aliyeuanzisha utafiti huu, alisimamia kanuni moja bila kulegea: ukitaka kupima mabadiliko, usibadilishe kipimo. Ndiyo maana ndani ya GSS mpaka leo kuna maswali yenye harufu ya miaka ya sabini. Kuna linalouliza kama mtu mwenye kupinga makanisa na dini aruhusiwe kuhutubia katika jumuiya yako, kisha linauliza vivyo hivyo kuhusu mkomunisti. Mzizi wake ni utafiti wa mwanasosholojia Samuel Stouffer wa mwaka 1954, enzi za kuwindwa kwa wakomunisti. Mkomunisti wa Marekani leo hamtishi mtu, lakini swali limeachwa lilivyo, nami nawaunga mkono.

Sasa niseme kilichonifanya niipende kabisa, na ndicho kilichoninyima usingizi.

Tangu 1973 kumekuwa na msururu wa maswali kuhusu matumizi ya serikali: katika jambo hili, je, tunatumia fedha nyingi mno, kidogo mno, au kiasi kinachofaa? Elimu, silaha, mazingira, na kadhalika. Mwaka 1984 watafiti wakaanza kuwagawa wahojiwa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliulizwa kuhusu neno la Kiingereza "welfare", yaani fedha za serikali kwa watu wasio na kipato. Kundi jingine liliulizwa kuhusu "assistance to the poor", yaani msaada kwa maskini. Kila kitu kingine kilikuwa sawa: nchi, mwezi, wahoji. Katikati ya miaka ya themanini, waliosema serikali inatumia kidogo mno kwa "welfare" hawakufika robo. Waliosema inatumia kidogo mno kusaidia maskini walizidi sita kati ya kumi.

Rudia kuisoma taratibu. Pengo linalozidi theluthi ya watu, limezaliwa na neno.

Kwa mtu wa kazi yangu hili ni pigo la moja kwa moja. Nilifungua faili za taarifa zangu za zamani na kutafuta nilivyolifasiri neno hilo. Mara tatu niliandika "msaada kwa maskini". Mara mbili "huduma za ustawi". Mara moja, Mungu anisamehe, "hisani ya serikali". Maana yake ni kwamba msikilizaji wangu aliposikia kuwa Wamarekani hawataki serikali iongeze msaada kwa maskini, alisikia jambo ambalo Wamarekani hawakulisema. Walipoulizwa kuhusu maskini walitaka uongezwe. Kilichowakera ni lile jina, pamoja na picha ambayo siasa yao ya miaka mingi imelibandika: mtu mvivu anayekula jasho la wengine. Kiswahili hakina neno lenye kubeba picha hiyo, kwa hiyo tofauti yote ilimezwa katika ufasiri wangu. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wa kutoisoma namba kabla ya kusoma swali. Na swali liko pale pale kwenye tovuti, neno kwa neno, pamoja na majibu yaliyoruhusiwa. Ni tafiti chache zinazokuvulia nguo namna hiyo.

Sasa ushiriki wa kisiasa, zile nyota mbili.

Ukija GSS kutaka kujua Wamarekani wanashirikije siasa, utakuta swali la kudumu ni moja kubwa: ulipiga kura ya urais? Namna linavyoulizwa ni ya upole. Linaanza kwa kukukumbusha nani aligombea dhidi ya nani, kisha linakuuliza kama unakumbuka kwa hakika ulipiga kura au hukupiga. Upole huo una sababu yake, maana watu huona haya kusema hawakwenda. Hata hivyo wanaosema walipiga ni wengi kuliko waliopiga kweli. Mwaka 2016 walioshiriki walikuwa kama asilimia 60 ya wenye haki ya kupiga kura; tafiti za kuuliza watu, hii ikiwemo, hutoa kiwango cha juu zaidi. Sehemu ni uongo mdogo wa heshima. Sehemu nyingine ni kwamba anayekubali kuketi saa moja na nusu kujibu maswali ya mgeni ni mtu wa aina ile ile inayojitokeza kwenye foleni ya kura. Ongeza na jambo la tatu: kwenye awamu ya 2018 mtu aliulizwa kuhusu kura ya 2016, na pia ile ya 2012. Mimi sikumbuki nilivaa nini juzi.

Nje ya kura, utavuna kwa vipindi. Mwaka 1987 GSS ilibeba sehemu maalumu iliyorudia maswali ambayo wanasayansi wa siasa Sidney Verba na Norman Nie waliyauliza mwaka 1967: umewahi kumfuata kiongozi kwa tatizo la mtaa, umefanya kampeni, umeshirikiana na wenzako kutatua jambo? Ni hazina, ila ni ya 1987. Kisha zipo sehemu za uraia kutoka ISSP, mradi wa kimataifa unaouliza maswali yale yale katika nchi nyingi, za 2004 na 2014, zenye kutia sahihi malalamiko, kususia bidhaa, kuandamana, kumwandikia mwanasiasa, kuchangia fedha.

Hizo za ISSP nimezipenda kwa sababu ya kilugha. Majibu yake ni manne: nimefanya mwaka huu uliopita, nilifanya zamani, sijafanya lakini huenda nikafanya, sijafanya na kamwe sitafanya. Kiingereza kinahitaji mstari mzima kutofautisha haya. Sisi tuna "sijaandamana", ambayo ndani yake tayari kuna mlango ulio wazi, na tuna "siandamani ng'o". Sijui nani angenilipa kwa ugunduzi huo, lakini naona dodoso lile lingependeza likizaliwa kwa Kiswahili.

Kwa ushiriki hasa, basi, nenda kwingine. Kama unataka kiwango cha kujitokeza kupiga kura kwa umri, elimu na kipato, Ofisi ya Sensa ya Marekani huongeza maswali ya kura kwenye utafiti wake wa kila mwezi, Current Population Survey, kila Novemba ya mwaka wa uchaguzi, tangu 1964. Kaya zake ni makumi ya maelfu, hivyo unaweza kukata vipande vidogo bila kubaki na watu kumi na mmoja mkononi. Ila haikuulizi ulimchagua nani wala unawaza nini. Kama unataka kujua mtu aliwaza nini kabla ya uchaguzi na alifanya nini baada yake, kuna American National Election Studies, mizizi yake ni 1948, inayomhoji mtu yule yule mara mbili, na kwa baadhi ya miaka ilikwenda kuhakiki kwenye kumbukumbu rasmi kama kweli alipiga. Nikiwa na haraka siendi huko, ni nzito. Nikiwa na wiki nzima, naenda.

Naomba sasa nikiri kosa langu, maana wengine watalirudia.

Mwaka wangu wa pili nilijiona nimeiva. Nilipakua faili kubwa la miaka yote, nikachora mstari wa wanaojihesabia kuwa Democrats, moja ya vyama viwili vikuu vya Marekani. Mstari ulikuwa mzuri, wenye vituta viwili: 1982 na 1987. Nilifurahi kama mvuvi. Mwaka 1982 ulikuwa wa mdororo mkali wa uchumi, ukosefu wa ajira ulivuka asilimia 10 chini ya Rais Reagan, wa chama pinzani cha Republican. Mwaka 1987 bunge lilikuwa likichunguza kashfa ya Iran-Contra, ya serikali ya Reagan kuiuzia Iran silaha kwa siri. Maelezo yalijipanga yenyewe, nikaandika makala ya dakika nne, nikawa natafuta muziki wa kufungulia.

Kabla ya kurekodi nilimtumia rafiki anayefundisha takwimu. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Umesoma maelezo ya sampuli, ndugu yangu?" Sikuwa nimesoma. Katika miaka hiyo miwili, 1982 na 1987, GSS iliwahoji kwa makusudi Wamarekani weusi wengi kuliko sehemu yao katika idadi ya watu, ili wawe wa kutosha kuchambuliwa peke yao. Wamarekani weusi kwa wingi wao ni Democrats. Vituta vyangu havikuwa vya uchumi wala kashfa, vilikuwa vya sampuli, yaani vya namna wahojiwa walivyochaguliwa. Ndani ya faili kuna safu ya uzito inayorekebisha jambo hilo, na imeelezwa waziwazi kwenye kitabu cha maelekezo ambacho sikukifungua. Nilipouweka uzito vituta vililala. Kinachonitisha hadi leo ni jinsi maelezo yangu ya mwanzo yalivyokuwa yakiingia akilini vizuri.

Mipaka mingine nitaitaja kwa kupita. Hadi awamu ya 2004 mahojiano yalikuwa ya Kiingereza tu. Kihispania kiliingia 2006. Kwa hiyo ukilinganisha maoni ya Walatino, Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wa kabla na wa baada ya hapo, unalinganisha watu tofauti: wale wa kwanza ni waliojua Kiingereza cha kutosha kuhojiwa. Pia si kila mhojiwa huulizwa kila swali. Wanagawiwa mafungu, hivyo ukitaka vijana wa kusini wasiokwenda kanisani waliojibu swali fulani la 2016, kaa tayari kuona vichwa vichache mno.

Mpaka mkubwa zaidi ni wa 2021. Awamu ya 2020 ilisogezwa kwa sababu ya Uviko, na badala ya kubisha hodi, wahojiwa wengi walijaza kwenye mtandao. Waliokubali kushiriki walishuka kutoka kama asilimia 60 mwaka 2018 hadi kama 17. Mwaka huo huo waliojiita wenye furaha sana walianguka kutoka karibu asilimia 30 hadi karibu 20. Ni msiba wa janga? Ni kwamba mbele ya skrini mtu hahitaji kumwonyesha mgeni uso mkunjufu? Ni waliokataa kushiriki? Yote matatu yamo ndani ya namba moja, na NORC wenyewe wanaonya watu wasichore mstari kuvuka mwaka huo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila nikiona makala zinazosema Wamarekani walipoteza furaha ghafla, natafuta kama onyo hilo limo. Mara nyingi halimo.

Nikiiweka kando ya ndugu zake, European Social Survey, utafiti wa nchi za Ulaya ulioanza 2002, ina orodha nzuri zaidi ya ushiriki, inayoulizwa kila awamu: kuandamana, kususia bidhaa, kuwasiliana na mwanasiasa. Afrobarometer, utafiti wa nchi za Afrika ulioanza 1999, humhoji mtu ana kwa ana kwa lugha anayoichagua, Kiswahili kikiwemo, watu 1,200 au 2,400 kwa nchi. Nayo ina swali la mwishoni ambalo ningelipandikiza kwenye kila utafiti duniani: unadhani ni nani ametutuma kukuhoji? Wengi hujibu serikali. Ukishajua hilo, unasoma majibu yote yaliyotangulia kwa jicho jingine.

Juzi ilikuja tena habari ya bunge la Marekani na bajeti ya misaada, ikiwa na lile neno. Safari hii nilijiandaa. Niliandika: "Kile Wamarekani wanachokiita 'welfare', yaani fedha za serikali wanazolipwa watu wasio na kipato, na ambazo wengi huzipinga zikitajwa kwa jina hilo ingawa huziunga mkono zikiitwa msaada kwa maskini." Niliipeleka studio kifua mbele. Dada aliisoma kimya, akahesabu kwa kidole, akainua macho.

"Kaka, sawa, nimeelewa. Lakini hapa nitapumulia wapi?"